Darasa Lililogeuka Bendi: Hotuba Baada ya Kutazama School of Rock

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanafunzi mliokaa mbele kwenye mikeka: hamjambo?

Asanteni. Sauti zenu zimetoka safi, na si ajabu, maana mmepasha koo kwa kucheka karibu saa mbili.

Nilisimama kule nyuma karibu na mlango, nikawa nawasikiliza ninyi kuliko nilivyoitazama filamu. Mlicheka yule mwalimu wa bandia aliposhindwa kuandika ubaoni jina alilojitwalia. Mkacheka tena alipolitangazia darasa kwamba kutwa nzima ni mapumziko. Wazazi wakawashinda kwa kicheko pale mwalimu mkuu, yule mama mkali, aliposikia wimbo wa mwimbaji wa roki Stevie Nicks kwenye baa na mikono yake ikaanza kuimba kabla ya mdomo. Lakini kuna mahali ukumbi mzima ulitulia. Mtoto mmoja mwenye haya alisogea mbele, akafungua mdomo akaimba, na hakuna aliyecheka, si hapa wala kule ndani ya filamu. Kama mwalimu wa muziki, hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote. Filamu hii inamcheka kila mtu mzima aliyemo. Haiwacheki watoto, na haiucheki muziki hata mara moja.

Kwa wale waliochelewa kwa sababu ya foleni, nieleze kwa ufupi. School of Rock ilitoka Marekani mwaka 2003. Mwongozaji ni Richard Linklater, mwandishi ni Mike White, na anayeibeba mabegani ni Jack Black. White na Black walikuwa majirani kule Los Angeles, na White aliiandika nafasi hiyo akimfikiria jirani yake, mtu ambaye tayari alikuwa na bendi ya kweli, Tenacious D, na aliyejua kucharaza gitaa huku akiwachekesha watu. Ndani ya filamu anaitwa Dewey Finn. Bendi yake mwenyewe imemfukuza, kodi ya nyumba hana, na rafiki anayeishi naye, Ned Schneebly, ni mwalimu wa muda. Siku moja simu inalia, shule ya watoto wa matajiri inamtafuta Ned, na Dewey anaitikia kwa jina la Ned. Huyo Ned mpole mnayemwona kwenye skrini ni Mike White mwenyewe, mwandishi wa filamu.

Hadithi hii ina mzizi wa kweli, na mzizi wenyewe ni mwalimu. Aliitwa Hans Fenger, Mkanada, mwanamuziki wa roki aliyehitaji kazi ya uhakika akaingia ualimu. Miaka ya 1970 alifundisha muziki katika shule za msingi za Langley, eneo la mashambani katika jimbo la British Columbia. Hakuwapa watoto nyimbo ambazo watu wazima hudhani watoto wanazipenda. Aliwapa zile walizokuwa wakizisikia redioni: za Beach Boys, za David Bowie, za Eagles. Mwaka 1976 na 1977 akawakusanya kwenye ukumbi wa michezo wa shule, akaweka mashine ya kurekodia, na zikatengenezwa santuri chache kwa ajili ya watoto wenyewe na wazazi wao. Basi. Santuri zikalala makabatini zaidi ya miaka 20, hadi mkusanyaji mmoja alipookota moja katika duka la vitu vya mitumba. Mwaka 2001 zilitolewa upya, na watu waliokuwa hawajawahi kusikia jina la Langley wakaanza kuulizana ni watoto gani hawa. Bowie mwenyewe alizisifu. Mike White naye alizisikia, na humo ndimo wazo la filamu lilimoanzia.

Nawasihi mzitafute. Mapigo yanapishana. Wengine wanawahi, wengine wanachelewa, na mwangwi wa ule ukumbi umemeza nusu ya maneno. Kisha anasimama msichana mdogo peke yake, anaimba wimbo wa Eagles kuhusu mtu mpweke asiyetaka kupendwa, na anauimba taratibu, bila pambo lolote, kana kwamba amemfahamu mtu huyo. Nimewahi kuwachezea walimu wenzangu rekodi hiyo chumba cha walimu, na mazungumzo yalikatika. Fenger hakungoja watoto wawe wazuri ndipo awape nyimbo nzuri. Aliwapa nyimbo nzuri kwanza.

Linklater alipokuja kuitengeneza filamu, alifanya uamuzi ambao naamini ndio ulioiokoa. Alitafuta watoto wanaojua kupiga vyombo, uigizaji ungefuata baadaye. Mnapomwona Zack akikung'uta gitaa la solo, ni Joey Gaydos anayelipiga. Freddy kwenye dramu ni Kevin Clark. Robert Tsai, yule Lawrence mwenye aibu, alikuwa mpiga piano ya kiklasiki kabla hajakanyaga kambi ya filamu. Rebecca Brown alikuwa mpiga gitaa la kiklasiki, akajifunza besi kwa ajili ya filamu. Mwanamuziki Jim O'Rourke aliletwa kuwasaidia kuikaza bendi yao. Kwa hiyo kamera haina haja ya kukwepa mikono. Tazameni tena vidole vya yule binti wa besi, mtaona anavyoitafuta noti na anavyoipata.

Hilo lina uzito mkubwa katika vichekesho. Tungejua kwamba mikono ni ya mtoto na sauti ni ya fundi mzima aliyejificha studio, tungecheka kwa namna nyingine, ile ya kuwahurumia. Hapa tunacheka kwa furaha ya kushangaa, kwa sababu mtoto wa miaka kumi na kidogo ameketi nyuma ya dramu na dramu zinamtii.

Sasa turudi darasani. Dewey ameingia kwa ajili ya mshahara tu, na mwanzoni hawafundishi watoto chochote. Amewaona kama kundi la sare. Kinachombadilisha ni sikio: anapita karibu na chumba cha muziki, anasikia darasa lake likipiga muziki wa kiklasiki, anachungulia, na pale pale anagundua kwamba watoto aliokuwa akiwapotezea siku wana kitu ambacho yeye amekitafuta maisha yake yote. Anakimbilia gari lake, anarudi na vyombo. Anamwita Zack, anamwekea gitaa la umeme mikononi, anamwonyesha mpigo wa bendi ya Black Sabbath, kisha wa bendi ya Deep Purple, na mtoto anaurudisha kama alivyousikia. Msichana wa chelo anaambiwa ailaze, naye anajikuta ana besi. Lawrence anatolewa kwenye piano anapelekwa kwenye kinanda cha umeme, na kinachofuata ni wimbo wa The Doors.

Walimu wenzangu, angalieni alichokifanya mtu yule asiye na cheti. Aliwakuta wanajua kitu, akaanzia hapo hapo. Vidole vilivyozoea chelo vilikuwa tayari nusu ya safari ya besi, na masomo ya piano ambayo Lawrence aliyapata yalikuwa tayari yamempa mkono wa kushoto wenye nguvu. Aliyoyafundisha mwalimu wao wa muziki wa kawaida, ambaye filamu haimtaji wala kumshukuru, ndiyo yaliyomwezesha Dewey kuunda bendi kwa asubuhi moja. Mimi namshukuru kwa niaba yao.

Halafu linakuja jambo ambalo kila ninapoitazama filamu hii nalisubiri. Bendi inahitaji watoto wanne au watano, na darasa lina watoto wengi. Dewey angeweza kuwaacha waliobaki wafanye hesabu kimya kimya. Badala yake kila mmoja anapewa kazi: waitikiaji, mafundi wa taa na kompyuta, walinzi wa mlango, mtoto wa kushona mavazi. Summer, yule binti wa nyota za dhahabu na alama za juu, anapewa kazi isiyo na heshima. Anakwenda kuichunguza, anagundua maana yake, anarudi kumkabili mwalimu, na anatoka pale akiwa meneja wa bendi. Binti aliyemwigiza, Miranda Cosgrove, alikuwa kwenye filamu yake ya kwanza, na anaikabili ile sura kubwa ya Jack Black bila kupepesa.

Nimekuwa katika shule ambazo kwaya ni ya watoto walewale kila mwaka, na wengine hukaa dirishani wakitazama. Mnazijua. Wazazi, ninyi pia mmekaa kwenye mahafali mkimtafuta mtoto wenu jukwaani asionekane. Nikimtazama yule kijana Billy na mkoba wake wa vitambaa, akikataa mchoro mmoja wa mavazi na kuleta mwingine, namwona mtoto ambaye katika shule nyingi asingeulizwa chochote. Mavazi aliyoyabuni mwishoni yana hekima yake pia. Watoto wanapanda jukwaani na sare zao za shule zilizofanyiwa ufundi, na Dewey anavaa kaptura na kofia ya mwanafunzi. Angus Young, mpiga gitaa wa AC/DC ya Australia, amekuwa akipanda jukwaani na sare ya shule tangu miaka ya 1970, na kijana wa mavazi alijua anamwiga nani.

Nije kwa Tomika, yule aliyetunyamazisha. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kubeba vyombo. Siku moja anamfuata mwalimu, sauti haisikiki, anasema angependa kuimba. Anaambiwa aimbe. Anaimba wimbo wa Aretha Franklin, na darasa zima linageuza shingo. Baadaye, wakati wa kupanda jukwaani, anasita. Anaogopa watu watamcheka kwa unene wake. Dewey anakwenda kumkalisha chini. Anamwambia habari za Aretha, mwanamke mwenye mwili mkubwa ambaye watu hawakuacha kumsikiliza, halafu anajisema yeye mwenyewe, mwili wake mwenyewe, bila kuona haya. Maneno ni machache, hana mahubiri. Mtoto anafuta uso na kupanda. Wasichana wa shule hii mnaonisikiliza: yule mtoto hakuambiwa apungue ndipo aimbe.

Lawrence naye alikuwa na lake. Alimfuata mwalimu kusema hawezi kuwa kwenye bendi kwa sababu yeye si mtoto wa kupendwa na wenzake, na watu wa bendi ni wa kupendwa. Ni sentensi moja ya kitoto, na ndani yake kuna kila siku ambayo mtoto huyo amekula chakula cha mchana peke yake. Filamu hailii juu ya jambo hilo. Inampa kinanda, baadaye inampa joho jeusi la kung'aa, na inamwachia wimbo sehemu nzima aipige peke yake.

Mazoezi ya nyumbani katika darasa lile yalikuwa kusikiliza. Freddy alipewa albamu ya bendi ya Rush ili amsome mpiga dramu wake, Neil Peart. Lawrence alipewa ya bendi iitwayo Yes ili asikie kinanda kinavyoweza kuongoza. Kazi hiyo inafaa kwa muziki wowote. Anayetaka kupiga tumba akae na rekodi ya mpiga tumba mmoja wiki nzima, asikilize mkono mmoja kwanza, kisha wa pili. Anayetaka kupiga solo asikilize magitaa ya dansi ya zamani yalivyojibizana, ridhimu likiuliza na solo likijibu, na atambue ni nani alinyamaza ili mwenzake asikike. Vijana wetu wana muziki mwingi kwenye simu kuliko kizazi chochote kilichowahi kuishi, na ni wachache waliokaa na wimbo mmoja mpaka wakaujua mifupa yake.

Najua kuna wazazi hapa wanaojiuliza kwa nini mwalimu amewaletea watoto muziki huu, wakisema ni kelele za Wazungu. Swali ni la haki. Roki ilitoka kwa watu weusi wa Marekani, kwenye bluzi na nyimbo za kanisani. Sister Rosetta Tharpe, mwanamke aliyezaliwa Cotton Plant, Arkansas, mwaka 1915, alilelewa kanisani akiwa na gitaa mkononi, na alikuwa akilipiga kwa umeme na kwa kishindo kabla vijana wengi tunaowaita waasisi hawajapanda jukwaani. Baada yake wakaja Chuck Berry na Little Richard. Jimi Hendrix, ambaye Dewey anamtaja kwa heshima kubwa, alikuwa mtu mweusi kutoka Seattle.

Na mmoja wao ni wa kwetu kabisa kwa kuzaliwa. Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa familia ya Kiparsi. Wazazi walimpeleka shule ya bweni kule Panchgani, India, na huko, akiwa bado mvulana wa shule, yeye na wenzake wakaunda bendi iliyoitwa The Hectics, wakawa wanatumbuiza kwenye hafla za shule. Yeye alikuwa kwenye piano. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ilihamia Uingereza, na dunia ikaja kumjua kwa jina la Freddie Mercury wa kundi la Queen. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba bendi ya roki ya wanafunzi ni jambo la kubuniwa Hollywood, namwambia habari za mvulana wa Unguja na piano ya shule, miaka arobaini na zaidi kabla ya filamu hii.

Sasa niseme juu ya uongo, kwa sababu watoto wapo na wamesikia kila kitu. Dewey aliingia darasani kwa jina la mtu mwingine. Aliwatoa watoto nje ya shule bila ruhusa. Ili wakubaliwe kwenye mashindano, watoto walimdanganya mwandaaji kwamba wana ugonjwa usiopona. Makosa haya ni makubwa, na mzazi yeyote aliyekasirika kwenye kile kikao cha jioni alikuwa na haki. Filamu inalijua kosa la kwanza. Polisi wanafika, anakiri mbele ya wazazi, rafiki yake Ned anaumia, na hata mwisho wa hadithi Dewey harudishiwi lile darasa; anafundisha muziki nyumbani, baada ya saa za shule, kwa hiari ya wazazi. Hapo naona mwandishi alikuwa na busara. Lakini ule uongo wa ugonjwa haumgharimu mtu yeyote, na hapo siwezi kuitetea. Kuna watoto wanaougua kweli. Tungepata njia nyingine ya kuwaingiza ukumbini.

Ukali wangu unapungua nikimfikiria mwalimu mkuu, Bi Mullins, anayeigizwa na Joan Cusack. Ingekuwa rahisi kumfanya adui, na vichekesho vya shule mara nyingi hufanya hivyo. Yeye anapewa muda wa kusema. Anasema hakuwa hivi zamani, kwamba alikuwa mchangamfu, na kwamba kazi yake haimruhusu kufanya kosa hata moja, kwani wazazi wanalipa ada kubwa na alama ikishuka kidogo ofisi yake inajaa watu. Mwalimu Mkuu wetu, nimekuona ukitikisa kichwa pale. Kila mwaka matokeo yanapotangazwa, mama huyo yupo katika shule zetu, kwa majina mengine. Anapoimba kwenye baa akiwa na glasi ya bia mbele yake, tunacheka, na mimi hufurahi kwamba kuna mtu alikumbuka kumuuliza anapenda wimbo gani.

Kuna tendo moja dogo ambalo ningeomba kila mwalimu wa sanaa alitazame mara mbili. Dewey alikuwa na wimbo wake mwenyewe, aliousubiri miaka mingi, na bendi ya watoto ingekuwa njia ya kuufikisha jukwaani. Kisha anamsikia Zack akipiga kitu asichokifahamu. Anauliza ni nini. Mtoto, ambaye baba yake hataki kabisa habari za gitaa la umeme, anasema ameutunga yeye. Dewey anauomba usikike wote. Ukiisha, wimbo wa mwalimu unawekwa pembeni na wa mwanafunzi unachukua nafasi yake. Hakuna anayeshangilia tendo hilo. Ndani ya dakika chache wanazungumzia maneno na viitikio. Kwa mtu aliyeanza hadithi akirefusha solo zake mpaka wenzake wakamfukuza, hiyo ni safari ndefu kuliko ya kwenda kwenye mashindano yoyote.

Na mashindano wanashindwa. Nimewapeleka watoto kwenye matamasha na najua basi la kurudi nyumbani linavyokuwa. Ninyi mliowahi kushiriki tamasha la muziki la shule, iwe hapa au kwa wenzetu wa Kenya ambao tamasha lao la muziki lilianza mwaka 1927, mnajua uso wa mtoto anaposikia jina la shule nyingine. Katika filamu Dewey ndiye anayevunjika moyo, na mtoto mmoja anamkumbusha kwamba bendi maarufu ya Sex Pistols hawakuwahi kushinda chochote. Ukumbi unawaita warudi, wanarudi, na baba yake Zack, aliyekuja kwa hasira, anabaki anamtazama mwanawe.

Nyuma ya kamera kulikuwa na kichekesho cha kweli kinachonifurahisha sana. Wakiwa ndani ya gari baada ya kukubaliwa kwenye mashindano, Dewey na watoto wanapiga kelele na wimbo wa Led Zeppelin, ule wa Immigrant Song. Kundi hilo lilikuwa gumu kutoa ruhusa ya nyimbo zake kutumika kwenye filamu. Basi Jack Black akasimama jukwaani katika ule ukumbi wa mashindano, umati wote wa waigizaji nyuma yake, akawarekodia video ya kuwaomba, na umati ukapiga kelele pamoja naye. Video ikapelekwa. Ruhusa ikatoka. Kuomba kwa moyo mweupe, tena kwa sauti ya watu mia kadhaa, kumewahi kufanikiwa.

Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 130 duniani. Mwaka 2015 Andrew Lloyd Webber aliipeleka jukwaani New York kama mchezo wa muziki, mwaka uliofuata ukafunguliwa London, na katika majukwaa yote mawili watoto walipiga vyombo wenyewe kila usiku. Watoto wa filamu ya mwanzo walikua, wakatawanyika. Kevin Clark, mpiga dramu, hakuigiza filamu nyingine, ila muziki hakuuacha. Aliendelea kupiga katika bendi kule Chicago hadi alipogongwa na gari akiendesha baiskeli mwaka 2021, akiwa na miaka 32. Mlipokuwa mkimshangilia leo mlimshangilia mtu aliyebaki na dramu zake mpaka mwisho. Naomba jina lake mlikumbuke.

Wazazi na wanakamati, sitawaomba vyombo vya bei mbaya. Tuna magitaa mawili ya nyuzi za nailoni, kinanda kimoja cha umeme ambacho vitufe vyake vya juu havilii, ngoma za kutosha, na mtu mmoja wa mtaani aliyestaafu bendi ya dansi ambaye ameahidi kuja Jumamosi kutufundisha besi, akija na la kwake. Ninachoomba ni chumba cha darasa la sita kifunguliwe Jumamosi kuanzia saa tatu hadi saa sita, na mtoto asizuiwe kwa sababu ya nafasi yake kwenye mtihani. Atakayeshindwa kushika gitaa atapewa kazi nyingine: tunahitaji wa kuandika nyimbo, wa kushona, wa kupanga viti, wa kuongea na mafundi wa vipaza sauti, na meneja mmoja asiyeogopa kumuuliza mwalimu maswali. Fomu za ruhusa ziko kwa mwalimu wa zamu, na mzazi ndiye atakayeisaini, kila kitu wazi.

Tuna kama nusu saa kabla ya usafiri kuja. Kwa kawaida wazazi huanza kuuliza. Leo naomba waanze watoto, na yule kijana wa shati la bluu amenyoosha mkono tangu nilipomtaja Neil Peart. Simama, mwanangu, uliza.